Gramu Kumi na Saba

Wanangu mliotawanyika kwenye famasi za hospitali za London, mnaosema Kiswahili wakati wa chai na Kiingereza mbele ya mizani, mmeniomba niwaandikie nilivyodumu chumba cha mifuko mpaka nikastaafu. Habari za vyeo mlizisikia kwenye hotuba ya siku ya keki; nusu yake si kweli na nusu ya pili imetiwa chumvi. Mimi nitawaeleza habari za woga, maana woga ndio ulioniweka pale.

Kwa wale ambao hamkuwahi kuingia, chumba chetu kilikuwa chini kabisa ya hospitali, hakina dirisha hata la kuombea mwanga. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza chakula cha kupitia mshipani. Mgonjwa ambaye tumbo lake halifanyi kazi hulishwa kwa dripu: protini, glukosi, chumvichumvi na maji, vyote vimechanganywa kwenye mfuko mmoja kwa kipimo chake yeye peke yake. Wateja wetu wengi walikuwa watoto njiti wa wodi ya juu, waliozaliwa kabla ya wakati, viumbe ambao ukiwaweka kwenye mizani ya jikoni bado nafasi ya unga inabaki. Mtu mzima ukimzidishia kidogo, mwili wake utajitetea. Njiti hana cha kujitetea nacho.

Siku ya kwanza niliingia nikiwa na cheti kipya na viatu vilivyonibana. Mfamasia mkuu wa chumba alikuwa mama wa Kihindi, mfupi, nywele amezifunga kwa nyuma kama mwalimu wa zamu. Aliitazama kadi yangu, akasoma jina, kisha akasema kwa Kiswahili ambacho nilikuwa sijakisikia tangu niondoke nyumbani:

"Zainabu wa wapi wewe?"

"Tanga, mama."

"Tanga wapi?"

"Chumbageni."

"Mimi Ngamiani. Niite Bi Kusum. Na usidhani Utanga utakusaidia humu ndani."

Haukunisaidia kweli. Hakunipa glavu wala kazi. Alinipa mabomba mawili ya sindano, kila moja lina mililita kumi za kitu cheupe kama machozi, akaniuliza lipi maji na lipi glukosi. Nikayatazama kwenye taa. Nikayatikisa. Nikauliza kama naruhusiwa kuonja.

"Ukionja nenda na mkoba wako kabisa," akasema. "Pima."

Nikaweka la kwanza kwenye mizani, uzito wa bomba lenyewe tukiwa tumeshautoa. Gramu kumi. La pili, gramu kumi na moja na nukta saba.

"Ujazo mmoja, uzito mbalimbali," akasema. "Gawanya uzito kwa ujazo, unapata nini?"

"Densiti."

"Kwa hiyo?"

"La kwanza ni gramu moja kwa kila mililita. Ni maji. La pili moja nukta moja saba. Ni glukosi."

Shuleni hesabu hiyo tulifundishwa kwa jiwe na kopo la maji. Nikapata maksi zangu, nikaisahau kama watu wote wenye akili timamu. Bi Kusum akayachukua mabomba yale, akayainua mbele ya uso wangu. "Zainabu, humu ndani kila kitu kinafanana na maji. Potasiamu inafanana na maji. Potasiamu ukikosea inasimamisha moyo. Macho yako hayana kazi hapa isipokuwa kusoma namba."

Siku ile nilirudi Barking kwa treni nikiwa nimeshika mkoba kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai. Mume wangu Salim aliniuliza kazi ikoje. Nikamwambia naogopa. Akasema nitazoea. Salim ni mtu mwema, lakini katika jambo hilo hakupatia.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Chupa kubwa za kila kitu zilitundikwa kwenye ndoano juu ya pampu, kila ndoano na mrija wake. Mmoja alitundika, mwingine alihakiki na kutia sahihi. Pampu ilivuta kiasi kilichoandikwa na kumimina kwenye mfuko. Tatizo la pampu ni kwamba inajua ujazo tu. Ukiiambia ivute mililita hamsini kutoka ndoano ya tatu, itavuta hamsini hata kama ndoano ya tatu umetundika mafuta ya taa. Ndiyo maana mwisho wa yote ilikuwapo mizani. Kabla ya kutengeneza mfuko unafanya hesabu: kila kitu, ujazo wake mara densiti yake, unajumlisha, unapata uzito unaotarajiwa. Mfuko ukitoka unaupima. Ukipishana na hesabu kwa zaidi ya asilimia tatu, taa nyekundu inawaka na mfuko hautoki.

"Asilimia tatu ni ruhusa ya mashine," Bi Kusum alikuwa akituambia. "Wewe hukupewa ruhusa."

Miaka ikapita kwa mtindo huo. Nilijifunza kupima upesi bila kukosea, lakini woga ulibaki palepale. Nyumbani Salim alilalamika kwamba naitazama chai yake kwa jicho la polisi. Dukani nilikuwa nikishika pakiti ya sukari kwa mkono mmoja na chupa ya maji kwa mwingine, nikilinganisha, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nina malalamiko. Kuna mwenzetu mmoja alikuja, akafanya kazi miezi michache, akaondoka kwenda kuuza viatu. Nilimwonea wivu. Kiatu kikizidi namba, mtu anakirudisha.

Sasa nifike asubuhi yenyewe.

Ilikuwa majira ya baridi, Jumatatu. Chupa zetu za kawaida zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo hospitali ilinunua kutoka kiwanda kingine. Glukosi na maji zilikuja kwenye chupa za umbo moja, kifuniko cha buluu kwa zote mbili, maandishi madogo kama ya sharti la mkopo. Aliyetundika alikuwa Delroy, mtu wa Peckham, mtaratibu, amekaa chumba kile miaka mingi kunishinda. Aliyehakiki alikuwa Bi Kusum mwenyewe. Mimi nilikuwa kwenye mizani.

Kwa kawaida mifuko yetu huenda wodini jioni. Lakini mfuko wa kwanza siku hiyo ulikuwa wa haraka: mtoto wa kike aliyezaliwa jana yake, kabla ya wakati wake kabisa, na daktari alitaka aanze kulishwa asubuhi ileile. Mfuko mdogo, mililita mia mbili na hamsini. Hesabu ilisema gramu 263.5. Mizani ikasema 268.6. Imezidi gramu tano na kidogo, haikufika hata asilimia mbili. Taa ikawaka kijani. Nikaisoma namba kwa sauti, Delroy akafunga mfuko, Bi Kusum akatia sahihi, mchukuzi akapanda nao. Mifuko huzidi na kupungua. Ule haukuwa wa kwanza.

Mfuko wa pili, saa moja na nusu baadaye orodha ya wodi ilipofika, ulikuwa wa mtoto wa kiume, mkubwa kidogo. Mililita mia nne. Hesabu: gramu 417.7. Nikauweka kwenye mizani, ikasema 434.7.

Taa ikawa nyekundu.

"Mizani hiyo," Delroy akasema. "Tangu Ijumaa naiona haieleweki."

Nikatoa jiwe la shaba la kupimia, nikaliweka. Mizani ikasoma sawasawa, hadi nukta ya mwisho.

Mfuko ukizidi uzito kuna mambo mawili tu. Ama vimeingia vingi kuliko inavyotakiwa, ama kilichoingia ni kizito kuliko kinachotakiwa. La kwanza ni kosa la pampu. La pili ni kosa letu. Nikaomba kwa Mungu liwe la kwanza. Nikachukua bomba, nikavuta mililita kumi kutoka kwenye mfuko. Mia nne na kumi na saba nukta saba ukigawanya kwa mia nne ni kama moja nukta sifuri nne. Kwa hiyo mililita zangu kumi zilitakiwa kuwa na gramu kumi na nukta nne.

Zilikuwa na kumi na nukta tisa.

Delroy aliiona namba. Kilichomo ndani ya mfuko ndicho kilichokuwa kizito. Na katika vitu vyetu vyote, kizito ni glukosi.

Nikainua macho kwenye ndoano. Kwa pale nilipokaa zile chupa mbili za vifuniko vya buluu sikuweza kusoma maandishi yake. Nilichoweza kusoma ni sahihi ya Bi Kusum kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kioo, ile sahihi yenye mkia mrefu ambayo chumba kizima tuliiamini kuliko saa ya ukutani. Nani atamwambia Bi Kusum kwamba amehakiki kitu kisicho sahihi? Alikuwa chumba cha nje, nyuma ya kioo, anaandika. Nikabonyeza kitufe cha kuongea, nikakiachia. Nikakibonyeza tena.

"Bi Kusum, samahani. Naomba uje utazame ndoano."

"Kuna nini?"

"Naogopa maji na glukosi zimebadilishana."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alivaa gauni na glavu, akaingia, akasimama chini ya chupa, akasoma. Akasoma tena. Kisha akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama siku ile ya mabomba mawili:

"Mfuko huu, maji kiasi gani?"

"Mia na sitini."

"Glukosi?"

"Sitini."

"Zikibadilishana, glukosi imezidi mia, maji yamepungua mia. Kila mililita inazidi kwa nukta moja saba."

"Kumi na saba," nikasema.

"Na mizani imezidi ngapi?"

"Gramu kumi na saba."

Kamili, bila nukta. Nimefanya hesabu nyingi maishani, hakuna iliyonitia hofu kwa kutoka sawasawa kama ile. Kisha nikaona uso wake umebadilika rangi, na mimi nikakumbuka wakati uleule aliokumbuka yeye.

"Mfuko wa kwanza," akasema.

Alikimbilia simu. Wodi haikupokea. Akapiga tena, haikupokea. Huko juu saa zile ni saa za kuogesha watoto na kubadilisha dripu, simu inalia kama kengele ya shule wakati wa likizo. "Nenda," akaniambia. "Mimi napiga, wewe nenda."

Lifti ilikuwa imejaa vitanda. Nikapanda ngazi. Nilikuwa si msichana tena, na viatu vya chumba safi ni vya plastiki, vinateleza. Njia nzima nilikuwa nikipiga hesabu bila kutaka: badala ya mililita hamsini za glukosi, themanini. Badala ya asilimia kumi ya sukari, kumi na sita. Mtoto wa uzito ule. Nilikuwa nikisema "Ya Rabi, Ya Rabi" kwa sauti, na watu wakinipisha.

Nesi wa chumba cha yule mtoto alikuwa Marites, Mfilipino, mtu wa maneno machache. Nilimwona amesimama kando ya sanduku la kioo la mtoto, na juu yake mfuko wetu unaning'inia, na pampu ya dripu inamulika kijani.

"Funga," nikasema. "Marites, funga huo mfuko."

Hakuniuliza kwa nini. Alibana mrija kwanza, ndipo akanitazama. Mpaka leo namwombea dua kwa hilo. Mfuko ulikuwa umekwenda karibu saa nzima.

Walimchoma mtoto kisigino, wakapima sukari. Ilikuwa juu, juu sana. Daktari akaja, wakamtundikia dripu nyingine, wakaanza kusemezana kwa sauti za chini, zile ambazo watu wa hospitali hudhani wagonjwa hawazisikii. Ndipo nikatambua kwamba kwenye kiti cha pembeni amekaa mama mtu, amevaa gauni la wodi na kitenge begani, ananitazama mimi. Alikuwa amenisikia nikimlilia Mungu. Jina lake lilikuwa Furaha, Mkongo anayekaa Tottenham.

"Mama, weye unasema Kiswahili," akaniambia. "Mutoto wangu iko na nini? Banafanya nini pale?"

Nilijua jibu lote, hadi nukta ya mwisho. Lakini utaratibu ni kwamba mzazi anaelezwa na daktari na mkubwa wa idara, si na mimi mwenye viatu vya plastiki. Nikamshika mkono. Mkono wake ulikuwa moto, wangu ulikuwa barafu.

"Wanakuja kukueleza sasa hivi, mama. Hawatakuficha."

"Munanificha," akasema. "Mikono yako inanena."

Bi Kusum akaingia. Alikuwa amevua glavu na kofia. Alisimama na daktari mbele ya Furaha, na daktari akaeleza kwa Kiingereza, taratibu, kwamba chakula cha mtoto kilikuwa na glukosi nyingi kupita kiasi, kwamba kimesimamishwa, kwamba sasa wanaishusha sukari na watapima kila mara. Furaha alikuwa akitikisa kichwa kama anayefuata, lakini macho yake hayakufuata. Bi Kusum akachuchumaa mpaka wakawa uso kwa uso, akasema kwa Kiswahili:

"Mama, chupa mbili zilitundikwa mahali si pake. Kazi ya kuzikagua ilikuwa yangu. Nilizikagua, sikuona. Mimi ndiye."



"Atakufa?"

"Daktari anasema hapana. Mimi siwezi kukuapia."

Furaha alimtazama. Nilitegemea alie, au ampige. Nilikuwa tayari kusimama katikati. Akasema, "Usiende. Weye ukae hapa. Kama mimi niko na woga, na weye ukae nayo pamoja na mimi. Mpaka ishuke."

Bi Kusum akavuta kiti, akakaa. Mfamasia mkuu, mama wa miaka sitini na ushee, mwenye mkutano, mwenye simu kumi za kupigwa, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mama asiyemsemesha, wote wawili wanatazama namba. Mimi nilirudi chini. Mimi na Delroy tulimwaga kila kitu, tukaosha pampu, tukaanza upya, maana watoto wengine walikuwa wanasubiri chakula chao. Kila mrija tulivuta mililita kumi, tukapima kabla ya kutengeneza chochote. Delroy alikuwa akilia ndani ya barakoa, na ndani ya chumba safi hata pua huruhusiwi kujifuta.

Sukari ilishuka alasiri, polepole, kisha ikakaa mahali pake. Yule binti alikaa wodini majira yote ya baridi. Alipata maambukizi mara moja, ambayo hayakuhusiana na sisi, na kila nilipoona jina lake kwenye orodha ya mifuko moyo ulinipaa. Maua yalipoanza kutoka, alirudi Tottenham amefungwa mgongoni kwa mama yake. Furaha hakuja kutuaga. Sikumlaumu.

Uchunguzi ulifanyika, watu wa suti wakashuka chumbani wakajifunza kuvaa kofia. Walikuta chupa zinazofanana, wakakuta ndoano za maji na glukosi zimepakana, wakakuta ile asilimia tatu ni pana mno kwa mifuko midogo. Vyote vikabadilishwa. Ile desturi yenu ya kupima mililita kumi za kila mrija kabla ya mfuko wa kwanza, mnayoilalamikia kwamba inawachelewesha chai, imetoka asubuhi ile. Delroy alibaki. Bi Kusum alikaa nyumbani wiki kadhaa kwa amri, akarudi, akafanya kazi mwaka mmoja zaidi. Hakuwahi tena kutia sahihi bila kusoma lebo kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Baadhi walimcheka kwa siri. Mimi sikuweza kucheka.

Siku aliyostaafu tulisubiri basi pamoja nje ya hospitali, mvua ile ya London isiyonyesha wala kuacha. Hatukuwa tumewahi kuizungumza siku ile, mimi na yeye peke yetu. Akaniuliza ghafla:

"Kile kitufe. Ulikibonyeza, ukakiachia. Nilikuona kwenye kioo. Ulikuwa unaogopa nini?"

Ningeweza kusema namwogopea mtoto.

"Nilikuogopa wewe, Bi Kusum."

Basi lake likaja, akaliacha lipite.

"Basi kosa langu kubwa ni hilo," akasema. "Chupa ni la pili."

Nilipoanza kufundisha mimi, nilibadilisha somo. Mwanafunzi mpya nilimpa mabomba yale mawili kama kawaida, lakini baadaye, kila wiki, nilifanya hesabu ya uzito ubaoni na kuikosea kwa makusudi. Kisha nikakaa kimya kungoja nani atasema. Hatukutengeneza mfuko mpaka mtu aseme. Wengine waliona upesi, wakainamisha vichwa. Wapo walionitazama kwa huruma, wakidhani bibi ameanza kuchoka. Nilingoja. Niliwafundisha densiti kwa siku moja. Kumwambia mkubwa "umekosea" kuliwachukua wengine mwaka.

Wa mwisho wao alikuwa Amina, binti wa Kizanzibari aliyezaliwa hapahapa, anayekisikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Asubuhi moja niliandika hesabu ya mfuko wa mtoto, nikajumlisha, nikamgeukia Delroy kuomba chupa. Nikasikia sauti nyuma yangu, nyembamba, inatetemeka.

"Auntie Zai, sorry. Umekosea."

Kwa Kiswahili kabisa, neno lile moja. Nikageuka kumtazama. Uso ulikuwa umemwiva, mikono ameificha mgongoni. Nikarudi ubaoni, nikafuata mstari kwa kidole. Densiti ya protini nilikuwa nimeiandika mahali pa densiti ya chumvi.

Safari hiyo sikuwa nimekosea makusudi.

Nilifuta, nikaandika upya, nikamwomba aisome kwa sauti, akaisoma. Mfuko ulipotoka, mizani ilikubaliana na hesabu yake. Jioni ile, kwenye treni ya kurudi Barking, nilimpigia Salim nikamwambia naandika barua ya kustaafu. Akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia hapana, ila amepatikana mtu anayeogopa kinachostahili kuogopwa.